Kiasi cha Maji

Wema una sehemu mbili: nia na kipimo. Nia hukaa moyoni mwa mtendaji. Kipimo hukaa katika haja ya mtendewa. Watu wengi huisifu ya kwanza na kuisahau ya pili, wakadhani kuwa atoaye sana ndiye apendaye sana. Mmea mmoja wa nyumbani waweza kutuonyesha udhaifu wa dhana hiyo.

Wataalamu huuita Crassula ovata. Asili yake ni Afrika ya Kusini na Msumbiji, katika miteremko yenye mawe. Philip Miller, aliyekuwa msimamizi wa bustani ya miti ya dawa ya Chelsea, London, aliueleza kitabuni mwake mwaka 1768, na leo huwekwa madirishani katika nchi nyingi zilizo mbali na kwao. Majani yake ni manene na yenye kung'aa, maana kila moja ni ghala la maji. Mimea mingi hufungua matundu madogo ya majani yake mchana ili ivute hewa. Huu huyafungua usiku, wakati wa ubaridi, ukaihifadhi hewa ya kaboni katika hali ya asidi. Kisha huitumia mchana, matundu yakiwa yamefungwa. Hivyo maji yake hayapotei ovyo.

Mtu mwenye huruma huupata mmea huu, akaumwagilia kila asubuhi. Udongo haupati nafasi ya kukauka, hewa hutoweka ndani yake, mizizi huoza. Majani hugeuka manjano, yakalegea. Mwenye huruma auonapo ulegevu hudhani ni kiu, akaongeza maji. Hapo huruma imekuwa adui, na kila dalili ya madhara yake huichukua kuwa ni ombi la kuzidisha.

Pengine msomaji atasema kwamba mtu huyo hana lawama, kwa kuwa nia yake ilikuwa safi. Kweli, nia safi humwepusha mtu na jina la mkatili, lakini haiponyi mzizi uliooza. Tena ujinga uwezao kuondolewa kwa kutia kidole udongoni si udhuru mkubwa. Udongo ukikauka, maji na yatiwe mpaka yatoke katika tundu la chini ya chungu. Ukiwa na unyevu, mkono na uzuiwe. Wala kipimo cha jana si lazima kiwe cha leo, maana wakati wa baridi haja ya maji hupungua.

Mwingine atauliza kama fundisho hili halimpi bahili kisingizio. Halimpi. Bahili hazuii kwa sababu ametazama. Huzuia kwa sababu hataki kutazama. Yeye na mmwagiliaji wana kosa moja: kila mmoja hufuata tabia ya mkono wake, na hakuna aulizaye udongo.

Mzazi amfanyiaye mtoto kila kazi, na mwalimu amjibuye mwanafunzi kabla hajafikiri, humwagilia udongo uliokwisha kulowa. Jani la mmea huu likianguka juu ya udongo mkavu, huweza kutoa mizizi kwa akiba iliyomo ndani yake. Atakaye kumtendea mwenziwe mema na atazame kwanza akiba aliyo nayo, ndipo atoe kilichopungua. Kutoa bila ya kutazama ni kujipendeza nafsi kwa mali ya huruma.