Acheni Kuipigia Dola Ramli

Ndugu zangu mnaoendesha viwanda vya Thika na Ruiru, acheni kuipigia dola ramli! Tangu katikati ya 2024 dola ilitulia kwenye shilingi 129 na ushee, na bodi nyingi zikalala usingizi mzito. Amkeni. Utulivu huo hamkuupata kwa mkataba, na hakuna aliyewaahidi kwamba utadumu.

Kumbukeni yaliyotupata. Mwaka 2022 ulifungwa dola ikiwa karibu shilingi 123. Mwaka uliofuata ulipokwisha ilikuwa imepita 156, na Januari 2024 ikavuka 160. Mafuta ya mawese yanayosafishwa Thika hutoka Malaysia na Indonesia. Mama wa mtaa wa Makongeni huyanunua kwa shilingi, lakini ankara ya malighafi huja kwa dola. Ankara ya dola milioni 1, iliyokuwa shilingi milioni 123, sasa ikadai milioni 160. Hizo milioni 37 hutoka wapi, wapendwa? Hutoka kwenye mashine inayozimwa zamu ya usiku, na kwa kibarua anayeambiwa langoni arudi mwezi ujao!

Kisha hofu ikazaa kosa la pili. Waliochelewa wakakimbilia dola kwa 160, wakiamini itafika 200. Februari 2024 Serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa hati fungani mpya, ikaanza kulipa ile ya bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni. Wasiwasi wa soko kuhusu deni hilo ukakatika. Machi ikiisha, dola ilikuwa karibu 132. Aliyenunua dola milioni 1 kwa 160 alikuwa amelipa shilingi milioni 28 zaidi ya jirani yake aliyesubiri. Na safari hii aliyelia ni anayeuza bidhaa nje ya nchi, mwenye mananasi ya mikebe na kahawa inayonadiwa Nairobi kwa dola, maana wafanyakazi wake huwalipa kwa shilingi. Wako wanaoombea shilingi ianguke ili wanenepe. Hiyo nayo ni kamari.

Katika waraka wake, Yakobo aliwakemea wafanyabiashara waliojigamba kuhusu faida ya mwaka ujao ilhali hawajui ya kesho. Maneno hayo yabandikwe katika kila ofisi ya fedha kuanzia Tatu City hadi Thika mjini!

Mfanye nini basi? Kampuni yenye matawi Kampala na Dar es Salaam haina budi kwanza kujumlisha dola zinazoingia na zinazotoka katika matawi yote. Kwa nini ofisi ya Ruiru inunue dola benki, ilhali tawi dada lina dola zilizokaa tu? Kopa kwa fedha unayoipata: anayeuza kwa shilingi na kukopa kwa dola, eti riba ni ndogo, amemeza chambo. Kinachobaki, kifungie bei. Benki itakubali leo kukuuzia dola za miezi 3 ijayo kwa bei mnayoafikiana sasa. Mtasema ina gharama. Ndiyo, ina gharama! Mlinzi wa langoni naye hulipwa hata mwezi ambao mwizi hakuja.

Lakini hapa ndipo moyo wangu unapowaka. Mhasibu anafunga bei ya dola kwa 150, kama mlivyoagiza. Dola inashuka hadi 132. Bodi inamwita, inamuuliza kwa nini ameitia kampuni hasara. Wakurugenzi, mnamfundisha nini? Mnamfundisha kwamba kesho asifunge chochote, abahatishe kama wengine, kwa sababu anayebahatisha na wenzake halaumiwi. Yeye hakuajiriwa kulishinda soko la fedha kwa ujanja. Aliajiriwa ili bei ya mtungi wa mafuta na mshahara wa mwisho wa mwezi vijulikane mapema. Mpimeni kwa hilo, na mumtetee mbele ya wenye hisa, hasa mwaka ambao kinga ilionekana haikuhitajika.

Basi msingoje shilingi itikisike tena. Jumatatu hii, itisheni ankara zote za miezi 6 ijayo, za kulipa na za kulipwa, matawi yote pamoja. Andikeni ni sehemu gani itafungiwa bei, kwa muda gani, na ni nani atakayetia sahihi. Ipitisheni katika bodi kabla hamjatoka kwenda kula chakula cha mchana.