KUMWALIKA MUME NA KUMWACHA MKEWE

  

Alitujia mtu mmoja baada ya darsa ya isha. Alingoja mpaka watu wakatawanyika na viatu vikapungua mlangoni, ndipo akasogea akakaa karibu nasi. Tulijua kwamba ana la kusema, na kwamba si la kusemwa mbele za watu. Alikuwa akimwoza binti yake, na kadi zilikuwa zimekwisha kupigwa chapa. Akasema: "Maalim, nina sahibu yangu tangu tulipokuwa chuoni. Baba yake alipokufa, mimi ndiye niliyeingia naye kaburini kumlaza. Siwezi kuoza bila yeye. Lakini mkewe hatakiwi nyumbani kwangu. Mama watoto ameapa kwamba mwanamke yule akiingia, yeye atatoka. Je, yafaa nimwalike sahibu yangu, na huyo mkewe tumwache?"

Tukamuuliza kosa la bibi huyo. Akasema: "Ana ulimi." Neno hili katika miji yetu ni pana; huambiwa msengenyaji, na huambiwa pia mwanamke aliyekataa kunyamaza alipodhulumiwa. Kwa hivyo tukamtaka ataje alilolisema. Akatueleza kwamba miaka miwili iliyopita, usiku wa kupamba wa binti wa jirani yao, bibi yule alisema mbele ya wanawake waliojaa kwamba dhahabu aliyovishwa bi harusi ni ya kuazima, akamtaja na mwenyewe aliyeiazimisha. Na kweli ilikuwa ya kuazima. Mama wa bi harusi alilia usiku ule, na maneno hayo hayajesha mpaka leo.

Nasi tulimjibu upesi, kwa kuwa usiku ulikuwa umekwenda na suala tuliliona dogo. Tukamwambia kwamba nyumba ni yake na chakula ni chake, na mwenye nyumba ana khiyari ya kumkaribisha amtakaye. Tukamtolea na dalili, hadithi ya Abu Shuaib waliyoipokea Imam Bukhari na Imam Muslim. Sahaba huyu aliuona uso wa Mtume (s.a.w.) una athari ya njaa, akamwamuru mtumishi wake muuza nyama afanye chakula cha watu watano, akamwalika Mtume na wengine wanne. Njiani akawafuata mtu wa sita. Walipofika, Mtume hakumwingiza yule mtu kwa cheo chake. Alimwambia Abu Shuaib kwamba mtu huyu amewafuata, akipenda atampa ruhusa na akipenda atarudi. Abu Shuaib akampa ruhusa. Basi ikiwa Mtume mwenyewe aliomba idhini ya mwenye nyumba, ni nani atakayemlazimisha mtu kumkaribisha asiyemtaka?

Mtu wetu akaondoka na furaha nyingi, na furaha ile ndiyo iliyotutia shaka. Mwenye kuuliza suala zito akijibiwa, aghalabu huondoka akifikiri. Huyu aliondoka kama mtu aliyekuja kuchukua kitu alichokiacha kwetu.

Tulipokuwa twataka kulala, ikatujia hadithi nyingine ambayo tuliisoma mbele ya mashekhe wetu tungali vijana, na ambayo ilitupasa kuikumbuka kabla ya ile ya kwanza. Ameipokea Imam Muslim kutoka kwa Anas (r.a.). Mtume alikuwa na jirani Mfursi aliyekuwa hodari wa kupika mchuzi. Siku moja akaupika, akaja kumwalika Mtume. Mtume akamuuliza kama Bibi Aisha naye amealikwa. Akasema la. Mtume naye akakataa. Yule jirani akarudi mara ya pili, akaulizwa lile lile, akajibu lile lile, na Mtume akakataa tena. Mara ya tatu akakubali Bibi Aisha naye aende, ndipo wakaondoka wote wawili wakafuatana mpaka nyumbani kwake.

Hatusemi kwamba jirani yule alimchukia Bibi Aisha, hasha. Wanazuoni walipozikutanisha hadithi hizi mbili wamesema huenda mchuzi ulikuwa kadiri ya mtu mmoja. Wala Mtume hakumkaripia, wala hakumwambia kwamba ametenda haramu. Lakini alikataa kwenda. Na Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, alipoisherehesha hadithi hii alisema kwamba Mtume alichukia kuhusishwa yeye kwa chakula bila ya mkewe, na kwamba hilo ni katika uzuri wa kukaa na ahali.

Hapo tukaona tulipoteleza. Mtu wa sita katika hadithi ya Abu Shuaib ni mfuasi tu, amekutana na watu njiani. Mke si mfuasi wa njiani. Mwenye kumwalika mume na kumwacha mke kwa chuki amemtia sahibu yake katika mtihani ambao yeye mwenyewe ameukimbia. Nyumbani kwako umeshindwa kuchagua baina ya sahibu yako na mkeo; basi umeichukua khiyari hiyo ukaitia ndani ya bahasha, ukampelekea yeye achague. Akija, amekula pilau yako hali mkewe amekaa nyumbani na mji wote wajua sababu. Asipokuja, utasema amekuvunjia heshima. Na usiku atakaporudi, akavua kanzu yake yenye harufu ya udi wa nyumba yako, atamwambia nini mkewe?

Labda msomaji atasema, kama alivyotuambia mtu wetu baadaye: "Lakini kwetu harusi ni mbili." Ni kweli. Wanaume huitwa nikaha msikitini, wakanywa kahawa na kula halua, kisha wakaitwa kwenye sinia. Na wanawake wana siku yao na usiku wao, na mialiko yao ina njia yake, hupita nyumba hata nyumba kwa mdomo wa mwanamke aliyetumwa kualika. Kwa hivyo mtu aweza kumpa sahibu yake kadi ya nikaha kwa mkono wake, na yule mwenye kualika akaambiwa apite mlango fulani kama kwamba haukujengwa. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyetukanwa. Mume ataona ni kusahau, na mke atajua kwamba si kusahau. Sisi twaona hila hii ni mbaya kuliko kukataa waziwazi. Desturi ya kutenga wanaume na wanawake imewekwa kwa ajili ya sitara na haya, haikuwekwa iwe kichaka cha kujifichia mtu anayeogopa kusema kauli yake.

Na wako watakaotuletea maneno ya vitabu vya fikihi. Katika Minhaj, kitabu ambacho wengi katika mashekhe wa pwani yetu wamekisomesha, Imam Nawawi amezihisabu sharti za kuwajibika kuitikia mwaliko wa walima. Moja katika hizo ni kwamba pasiwe pale mtu ambaye mwalikwa ataudhika naye au asiyelaikiana kukaa naye. Twaikubali. Lakini itazamwe sharti hii ni udhuru wa nani. Ni udhuru wa mwalikwa: yeye ndiye aliyeruhusiwa kubaki kwake ikiwa pana mtu wa kumuudhi. Haikusema kwamba mwenye walima na achuje majina mpaka kila mgeni apate majilisi apendayo. Ikiwa jirani aliyeumizwa kwa maneno ya dhahabu hawezi kukaa ukumbi mmoja na bibi yule, sharia imempa yeye nafasi ya kutaka radhi. Haikumpa mama wa bi harusi huyu wa leo, ambaye hakuumizwa yeye, fimbo ya kumpigia mtu kwa niaba ya mwingine.

Wala hatulifanyi dogo kosa la bibi yule. Kusema kweli kwa kutaka kumfedhehesha mtu si kusema kweli kunakosifiwa. Amesimulia Bibi Aisha kwamba mtu mmoja alibisha hodi kwa Mtume, naye kabla hajaingia akamtaja kuwa ni mtu mbaya katika kabila lake. Alipoingia akampokea kwa uso mkunjufu na maneno laini. Alipoulizwa, akabainisha kwamba mtu mwenye daraja ovu kabisa mbele ya Mwenyezi Mungu ni yule ambaye watu humwepuka kwa kuogopa uchafu wa maneno yake. Mwenye ulimi na aisikie hadithi hii atetemeke. Lakini na mwenye mlango aisikie pia, kwa sababu mtu yule alifunguliwa mlango, akakaa, na uso aliouona ulikuwa mkunjufu.

Tena tuliuliza jambo jingine, na jawabu yake ndiyo iliyotusikitisha zaidi. Maneno yale ya dhahabu bibi yule aliyasema mara ngapi? Mara moja, usiku mmoja, kwa wanawake waliokuwako. Na mbona sisi, tusioingia kwenye kupamba, tumeyajua, na mbona wanayajua wavulana wa barazani? Kwa sababu kila anayemchukia hutoa sababu ya kumchukia, na hawezi kuitoa ila aitaje dhahabu, na mwenye kuiazima, na mwenye kuiazimisha. Miaka miwili msiba wa mama yule umetembea mjini juu ya ndimi za watetezi wake. Katika Sura ya Hujurat Mwenyezi Mungu amewakataza wanaume kuwadharau wanaume, akawataja na wanawake mbali, wasiwadharau wanawake wenzao, kisha katika aya inayofuata akakataza kusengenyana kwa mfano ambao kila Mwislamu aujua na roho yake hauutaki. Hakusema kwamba msengenyaji ni halali yenu kumsengenya.

(Na lau kuwa binti yule alivishwa bangili yake moja aliyonunuliwa na baba yake, ulimi gani ungalimpata? Bibi zetu walikuwa wakitungiana nyimbo za vijembe katika lelemama kwa mashindano kama haya, na sisi tumeacha lelemama tukabakisha mashindano. Lakini hilo lina mahali pake pengine.)

Asubuhi tulimfuata mtu wetu dukani kwake. Tukamwambia kwamba jawabu ya jana ilikuwa ya haraka na kwamba twairejea. Hakufurahi. Akasema kadi ya mume amekwisha kuipeleka alfajiri, baada ya sala, wala mke hakutajwa ndani yake. Tukamwambia kwamba mwaliko wa mke hauendi kwa kadi ile. Una mlango wake nao bado u wazi. Hapo ndipo alipofika kwenye lililo zito: "Na kiapo cha mama watoto?"

Tukamuuliza ameapa vipi. Ikiwa ni maneno ya hasira yasiyotajwa jina la Mwenyezi Mungu, si yamini. Ikiwa ameapa kwa jina Lake kwa kukusudia, basi Mtume ametufundisha kwamba mwenye kuapa kisha akaona jingine ni bora kuliko aliloliapia, na alitende lile lililo bora na atoe kafara. Na kafara imo katika Sura ya Maida: kulisha maskini kumi au kuwavisha, au kuacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Mtu wetu akacheka akasema kwamba katika walima yake watakula mamia, maskini kumi watapatikana humo humo. Tukamwambia la. Katika madhihabi yetu ya Imam Shafi kila maskini hupewa mkononi mwake mudi ya nafaka iliyo chakula cha mji, aimiliki. Kumkaribisha kwenye sinia hakutoshi. Na kafara hiyo ni juu ya mwenye kuapa. Lakini kwa kuwa amewataja maskini, tulimuuliza ni wangapi aliowaandika katika orodha yake, kwa sababu Mtume amekitaja chakula cha walima wanayoitiwa matajiri na kuachwa mafakiri kuwa ni chakula kiovu. Akanyamaza, akaitazama karatasi iliyokuwa juu ya meza.

Twataka tueleweke vizuri. Yako mambo yanayohalalisha kumzuilia mtu mlango: mwenye kuja kupigana, au aliyekwisha kutaka kuivunja nikaha hiyo yenyewe, au ambaye kuwako kwake kutamdhuru bi harusi. Mwenye kuyaogopa hayo kwa dalili, si kwa dhana, ana haki ya kuilinda nyumba yake. Lakini hata hapo, na amwendee sahibu yake kabla ya kadi, amweleze kwa kinywa chake, na ampe nafasi ya kusema au ya kughadhibika. Sahibu wa tangu chuoni ana haki ya kulisikia jambo kama hilo kutoka kwako kwanza. Na huyu mtu wetu hakuwa na hofu ya namna hiyo hata moja; alikuwa na mke aliyekasirika kwa ajili ya jirani, na karatasi ya majina.

Juzi alitujia tena, safari hii mbele za watu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mama watoto amepima mudi kumi za mchele, akazipeleka kwa mikono yake. Kisha akavaa buibui yake, hakumtuma mwenye kualika, akenda mwenyewe mpaka mlango ule. Bibi yule alifungua, akamtazama kitambo, akamkaribisha ndani. Walikunywa kahawa. Halikutajwa lililopita. Alipoambiwa siku ya harusi, aliuliza kama jirani yule naye atakuwako. Akaambiwa ndiyo, amealikwa. Akasema atatazama.

Harusi ni Alkhamisi ijayo.