Kusitiri na Kusema katika Karamu ya Ukoo

Je, dosari ndogo itokeayo mbele ya wageni ifunikwe au itajwe? Swali hili laonekana dogo, tena la jikoni, lakini kila ukoo mkubwa unaokusanyika siku moja hukutana nalo kabla ya jua kuchwa. Watu wengi wamekwisha kulijibu bila kuliuliza. Sitara ni fadhila, wasema, na mgeni mwungwana haioni chumvi iliyozidi wala hausikii mwiko ulioanguka. Hapana shaka jibu hili lina uzuri wake. Nataka kulipima tu katika nchi ya baridi, baina ya Mbeya na Iringa, ambako wazee wa zamani walikuwa na jibu lingine.

Katika miaka ya 1930, Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa Rungwe wakijifunza maisha ya Wanyakyusa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika, bibi huyo alieleza jinsi watu wa huko walivyothamini kula na kuzungumza pamoja, na jinsi walivyoiogopa pumzi ya watu. Mtu aliyechinja akawanyima majirani alisemwa kwa minong'ono, na minong'ono hiyo, waliamini, ilimletea baridi mwilini na maradhi. (Mtu aliyepata kuamka Tukuyu siku ya mvua hatashangaa kwamba adhabu ilipewa umbo la baridi.) Alieleza vilevile kwamba katika ibada za ukoo haikutosha jamaa wagombanao kuketi pamoja na kula. Ilimpasa kila mmoja kuitoa hasira yake kwa maneno, wenzake wasikie. Kwa maana upatanisho uliofanywa huku moyo umefumba haukuhesabiwa kuwa upatanisho. Basi kwa wazee hao, adabu ya kunyamaza yaweza kuwa ugonjwa uliovaa nguo ya sikukuu.

Tutunge mfano. Kijana wa Rungwe afanya kazi Iringa mjini, naye ameoa binti wa Kihehe. Mtoto wao wa kwanza abatizwa. Jamaa wa mume waja kwa basi kutoka Tukuyu, safari ya kilomita zaidi ya 300, kupitia Uyole, Makambako na Mafinga. Jamaa wa mke waja kwa miguu kutoka mitaa ya jirani, na salamu ya kamwene yasikika mlangoni tangu asubuhi. Nyumba ina vyumba vitatu na ua mmoja. Watu ni arobaini. Basi limechelewa, mtoto amelala wakati wa kuombewa, ulanzi umemwagika juu ya mkeka mpya, na kiti alichoazimwa mjomba kimevunjika mguu. Haya yote yachekwe na yapite.

Lakini zamani mwanamke wa Kinyakyusa hakuruhusiwa kuonana uso kwa uso na baba mkwe wake. Desturi hiyo ilihitaji nafasi: njia mbili, migomba ya kujificha, nyumba zilizoachana. Mke wetu amefundishwa na shangazi za mumewe, naye, ingawa si mtu wa Rungwe, ameishika kwa moyo kwa sababu ataka kupendwa. Adhuhuri, baba mkwe, mzee wa kanisa aliyekwisha iacha desturi hiyo, azunguka nyumba ili amwamkie mkamwana wake na kumshukuru kwa mjukuu. Mkamwana amwona pembeni mwa ukuta. Atupa mwiko, akimbilia kwa jirani. Sufuria ya maharage yaungua.

Chakula chapakuliwa. Moshi umo ndani yake, na kila mtu aujua kwa ulimi, lakini wote wasema, ni kitamu. Hapa sitara imefanya kazi yake kamili. Mama yake mzazi aona haya, akidhani bintiye amesahau malezi. Baba mkwe ala kimya, akidhani amekimbiwa kwa chuki. Mkamwana hawezi kusema neno, kwani akisema atakuwa amemshitaki mzee. Watu arobaini wamefanya uungwana, na gharama yake yote imelipwa na mtu mmoja, tena aliyeungua kwa ajili ya heshima.

Yasemwa kwamba karamu si baraza la kesi. Kweli. Hata Confucius, alipoelezwa habari za mtu aliyemshuhudia babaye kuwa ameiba kondoo, alijibu kwamba kwao unyofu ni baba kumsitiri mwana na mwana kumsitiri baba. Lakini tazama anayesitiriwa hapo ni nani: ni mwenye kosa, na asitiriye ajitwika mzigo. Katika ua wetu mambo yamegeuka. Wasitirio hawabebi kitu. Wamepata sifa ya adabu bure, na asiye na kosa ndiye aliyefunikwa pamoja na hatia asiyokuwa nayo. Kwa hiyo nadhani kipimo si ukubwa wa dosari. Chumvi, kiti na ulanzi vyaweza kunyamaziwa milele, maana hakuna anayehukumiwa kimya kimya kwa ajili yake. Pale ambapo ukimya wangu waacha hukumu ya uongo juu ya kichwa cha mwenzangu, ukimya huo ni ushahidi, nami nimeutoa.

Lakini nani aseme, na kwa sauti gani? Si mkamwana, wala si baba mkwe. Mila zetu hazikuacha jambo hili bila mtu. Mjukuu humtania babu, binamu humtania binamu, na neno ambalo likitoka kwa mwingine lingekuwa tusi, likitoka kwao ni kicheko. Mjukuu mkubwa aweza kusimama na kusema, "Shikamoo babu! Leo umetulisha moshi. Bibi arusi wetu amekukimbia kwa heshima, nawe ulikuwa unamfuata kwa shukrani; basi sufuria ilipe faini." Watu watacheka. Katika kicheko hicho mama ataokota heshima ya bintiye, na mzee atajua kwamba hakuchukiwa.

Shaka moja yanibakia. Utani wamtaka mtani awepo, naye awe ameona. Siku hizi wajukuu hukaa mbali na jiko, na wengi hawajui kwa nini mama yao alikimbia. Shangazi wajuao huogopa kuitwa wachongezi. Muda nao ni mfupi. Zamani wagombanao walikuwa na majuma ya kukaa kijiji kimoja hadi neno litoke. Sasa wageni wa Tukuyu hulala usiku mmoja mikekani, na kabla ya alfajiri wameshaamka kufunga mizigo yao.