Miamba ya Ubwari na Swali la Kwao

Swali la nani ni wa hapa na nani ni mgeni limemwaga damu nyingi Fizi, mashariki mwa Kongo. Limeulizwa sokoni, kanisani na porini penye bunduki, na kila anayelijibu huanza kwa kuhesabu mababu. Naomba tulishushe swali hilo chini ya maji ya Ziwa Tanganyika, kwenye miamba ya rasi ya Ubwari inayotazamana na Baraka. Huko wanaishi viumbe ambao hawana pengine pa kwenda.

Anayezamia kwenye miamba ya bahari, tuseme Mafia au Pemba, akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, huona samaki ambao wengi wao waliletwa pale na mkondo walipokuwa vichanga wasioonekana kwa macho. Hata mwamba ulio mbali kabisa na pwani hupata wakazi kwa njia hiyo. Ziwani kwetu mambo ni mengine. Yupo samaki mdogo ambaye wataalamu humwita Tropheus, mla mwani wa mawe. Jike hutaga mayai machache, huyaatamia mdomoni karibu mwezi mzima, na watoto wakitoka huwa tayari wanajua kuogelea. Maji hayapeleki chochote mbali. Mtoto hukulia palepale alipozaliwa, na mchanga ukitenganisha mwamba wake na mwamba wa pili, hathubutu kuuvuka, maana mchangani hana pa kujificha.

Mzamiaji Mbelgiji Pierre Brichard, aliyeishi Burundi, alitumia miaka mingi akiwafuatilia samaki wa ziwa hili, akatoa kitabu kikubwa juu yao mwaka 1989. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti cha Uvira, walizamia Luhanga wakihesabu samaki kwenye miamba ileile mwaka hadi mwaka. Kutokana na kazi ya watu kama hao tunajua kwamba Tropheus hutofautiana kwa rangi kutoka pwani hadi pwani, na kwamba rangi hizo zinapita mia kuzunguka ziwa zima. Ziko zinazopatikana kwenye kipande kimoja tu cha mawe, na kwingineko duniani hazipo.

Hapa mtu anaweza kudakia: basi kila mmoja abaki kwenye mwamba wake! Ziwa lenyewe linakataa hitimisho hilo. Tanganyika ina umri wa miaka milioni 9 hadi 12, na mababu wa samaki hawa waliingia kutoka mitoni. Walikuwa wageni. Wenyeji wote tunaowaona leo kwenye mawe ya Ubwari ni uzao wa waliokuja.

Nasi si samaki. Vita vya 1996 vilipowaka, maelfu ya watu wa Fizi walilivuka ziwa hadi Kigoma, wakaishi kambini Nyarugusu na kwingineko. Kuanzia 2005 meli zilianza kuwarudisha, zikitia nanga Baraka. Ndani yake walikuwamo watoto waliozaliwa ng'ambo, wakikanyaga kwa mara ya kwanza nchi waliyokuwa wakiitwa wenyeji wake. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, lakini hawa hawakuacha chochote. Walikimbia wabaki hai. Kama kuzaliwa mahali ndiko kunakompa mtu kwao, watoto wale wangekuwa watu wa Kigoma. Kama ni kaburi la babu, basi wapo ambao makaburi ya babu zao yalibaki kila upande wa maji.

Kwa hiyo natafuta kipimo kingine, na mwamba unanionyesha. Adui mkubwa wa samaki wa mawe ni tope. Milima ikifyekwa kwa makaa na mashamba, mvua hubeba udongo hadi kwenye mito kama Mutambala, na mito huumwaga ziwani. Tope hufunika mwani na kuziba nyufa za kujifichia. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa ziwa ulikuta aina chache zaidi za samaki pale ambapo udongo umezidi. Maji hayaulizi udongo umetoka kwenye shamba la mwenyeji au la mgeni. Mtu wa vizazi kumi anayefyeka ukingo wa mto analiharibu ziwa; aliyerudi juzi kutoka kambini na kupanda miti kwenye ukingo huohuo analiponya. Kati ya hao wawili, mimi namwita wa pili mwenye kwao.

Kwamba mahali hapaulizi asili ya mtu, mzamiaji hulijua hilo kwa mwili wake. Kule chini anaishi kwa hewa ya kupimwa. Uso wa ziwa uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo majedwali ya kuzamia ya baharini hayamfai; lazima afuate hesabu ya mahali hapo na apande polepole zaidi, la sivyo damu yake itamuumiza. Masharti hayo yanamhusu kila azamaye, aliyezaliwa Baraka na aliyetoka Kyoto vilevile. Kila mahali pana masharti yake, na kuyatii ndiko kunakompa mtu haki ya kuwapo.

Ndugu zangu wa Fizi na Baraka, tuache kuulizana nani alifika kwanza. Tuulizane nani anaulinda mlima, mto na ziwa ili atakayekuja baadaye akute pa kuishi. Asiyeweza kulijibu swali hilo kwa matendo hana kwao hapa, hata akitaja mababu hadi wa ishirini.