Huruma katika makao ya wazee

Makao ya wazee humpokea mtu mzima aliyewahi kuendesha nyumba yake mwenyewe, kisha yakampangia saa za kulala, za kula na za kuogeshwa. Kutokana na hali hiyo huzuka maswali mawili ya kimaadili. La kwanza huulizwa na familia: je, kumpeleka mzazi huko ni kumtupa? La pili husikika mara chache, ingawa ndilo gumu zaidi: je, huruma yaweza kuwa kazi ya mshahara na ya zamu, kwa mzee ambaye mhudumu hana naye undugu wowote?

Kuhusu swali la kwanza, dini hazina mzaha. Sura ya Al-Israa, aya ya 23, inamkataza mtoto hata kuguna mbele ya mzazi aliyezeeka. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu anawakemea waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, wakapata kisingizio cha kutowasaidia wazazi wao. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, ya mwaka 2003, nayo inayahesabu makao kuwa hatua ya mwisho, baada ya familia na jamii. Ila mafundisho haya yote yanamzungumzia mzee mwenye watu. Makao kadhaa ya serikali Tanzania Bara, Nunge ya Kigamboni yakiwamo, yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma. Waliopelekwa humo walitengwa na jamaa zao kwa sababu ya ugonjwa, kabla hata ya kuzeeka. Kumwambia mzee wa namna hiyo kwamba mahali pake ni kwa wanawe ni kumtonesha kidonda.

Swali la pili lilipata jibu moja la vitendo nchini Ufaransa. Mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan, mtumishi wa majumbani aitwaye Jeanne Jugan alimchukua Anne Chauvin, kikongwe kipofu aliyepooza upande mmoja, akampa kitanda chake, yeye akahamia darini. Wakafuata wengine, na hatimaye likazaliwa shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambalo hadi leo linahudumia wazee katika nchi nyingi. Jijini Nairobi nyumba yao iko Kasarani. Jugan mwenyewe alinyang’anywa uongozi na padri msimamizi, akaishi miaka mingi miongoni mwa wanovisi wasiojua kwamba yeye ndiye mwanzilishi. Alifariki mwaka 1879, na Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu mwaka 2009. Linalofaa kuzingatiwa hapa ni nadhiri. Pamoja na zile tatu za kawaida za utawa, masista hao huweka ya nne, ya ukarimu. Mwanzilishi alisukumwa na moyo wake, lakini waliomfuata walifungwa na ahadi. Moyo huchoka kabla zamu haijafika nusu, na mzee anayehitaji kugeuzwa kitandani saa nane za usiku hawezi kusubiri mtu aguswe kwanza. Kwa hiyo mshahara hauiharibu huruma, mradi kazi yenyewe ichukuliwe kuwa ahadi kwa mzee, na si kwa mwajiri peke yake.

Hata hivyo, nia njema haitoshi. Tom Kitwood, mwanasaikolojia wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu watu wenye ugonjwa wa kusahau, alionyesha kwamba madhara mengi hufanywa na wahudumu wasio na ubaya wowote: kumharakisha mzee, kumsemesha kama mtoto mchanga, kumjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Ni makosa madogo madogo, nayo hurudiwa kutwa nzima.

Tofauti huonekana mezani. Mhudumu aliyesimama na kijiko cha uji hutazama bakuli limebaki na kiasi gani. Aliyeketi usawa wa macho ya mzee hutazama koo, akangoja ameze, ndipo alete kijiko kingine. Kungoja huko ni adabu, na ni tiba pia, maana uji ukipita njia ya hewa huweza kuleta homa ya mapafu. Kwenye kuogesha mambo ni hayo hayo. Wapo wanaosema shikamoo huku mkono tayari unafunua shuka; marahaba inawakuta wameshaanza. Bibi anayeogeshwa vizuri huulizwa kwanza kama maji yana moto wa kutosha, na khanga hubaki juu yake isipokuwa sehemu inayooshwa.

Ibada huhitaji uangalifu kama huo. Sheria ya Kiislamu imeshamrahisishia mgonjwa: ataswali ameketi au amelala, na maji yakimdhuru atatayamamu. Lakini ruhusa hiyo haimfai kitu asiyeweza kujigeuza, kama hakuna wa kumwelekeza kibla. Mhudumu wa dini nyingine anaweza kufanya hivyo bila kuvunja imani yake.

Kuna pia suala la hiari, na hapa huruma huponyokea kwenye ubabe. Mzee mwenye kisukari anataka sukari kwenye chai. Mwingine anataka kutembea ingawa alianguka juzi. Kumfunga kwenye kiti ni rahisi, na huitwa usalama. Mwenye akili timamu, akishaelezwa hatari, ana haki ya kuamua kama alivyokuwa nayo nyumbani kwake. Aliyepotewa na kumbukumbu naye bado hukataa kwa uso, kwa mkono, kwa kufumba mdomo, na kukataa huko kunastahili kusikilizwa.

Hakuna hata moja kati ya haya linalowezekana bila muda, na muda hutegemea idadi ya wahudumu. Makao yanayomwacha mtu mmoja na bweni zima usiku kucha, kisha yakamlaumu kwa ukali wake, yanamtwisha mhudumu kosa la mwenye makao. Wanaosimamia nyumba hizi, wa serikali na wa dini, waanze na orodha ya zamu na ya mishahara kabla ya kuitisha semina nyingine ya maadili.