MUULIZENI MZEE MWENYEWE



Mwezi huu twapenda kuongea nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu twaogopa kulitaja: tutazeekea wapi, na nani atatushika mkono siku miguu itakapokataa. Sisi tunaoandika haya tumekwisha kuvuka miaka sitini. Tulisimama mbele ya ubao miaka mingi, tukawafundisha hata wale waliokwenda kuwa walimu, na leo ngazi twazipanda kwa kushika ukuta. Basi hatusemi habari za watu wa mbali.

Fungueni Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 19, msome kuanzia mstari wa 31. Hapo yumo mzee mmoja ambaye hatajwi sana kanisani, jina lake Barzilai, Mgileadi. Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu, Barzilai alikuwa miongoni mwa watu waliomletea chakula na matandiko. Vita vilipokwisha, mfalme akataka kuulipa wema huo. Akamwalika wavuke Yordani pamoja, akakae Yerusalemu, naye mfalme atamtunza huko.

Barzilai alikuwa na miaka 80. Alimjibu mfalme kwa adabu, lakini kwa wazi. Alisema kwamba ladha ya chakula haisikii tena, wala sauti za waimbaji hazimfikii vema. Akienda atakuwa mzigo tu. Akaomba arudi afe katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Badala yake akamtoa Kimhamu aende na mfalme. Naye mfalme hakumshindania. Alimbusu, akambariki, na mzee akarudi kwao.

Tutazame mambo matatu hapa. La kwanza, Barzilai aliujua mwili wake, wala hakujidai kijana. La pili, alisema mwenyewe, angali na akili zake. La tatu, na hili ndilo zito, yule aliyekuwa na uwezo wa kumchukua alimsikiliza. Palikuwa na chakula na watumishi Yerusalemu. Hata hivyo mfalme aliona kwamba kumtunza mtu si kumchukulia uamuzi wake.

Je, sisi hapa Unguja twafanyaje? Twajua maisha yetu yalivyo. Nyumba za Mji Mkongwe zina ngazi kali, na mzee akiishi juu hufika siku akashindwa kushuka, ikawa dirisha ndilo baraza lake. Watoto nao wametawanyika: huyu yuko Fuoni, huyu Dar es Salaam, mwingine Muscat au Uingereza. Basi hufanywa kikao cha familia. Wote huitwa, hata wale wa ng'ambo kwa simu. Mmoja tu haitwi, naye ndiye anayezungumzwa. Mzee yumo chumba cha pili, anasikia jina lake likitajwa, haambiwi kitu.

Wakati fulani tulikwenda kumtembelea mama mmoja mjane, Mkristo mwenzetu, aliyekuwa ameishi miaka mingi katika ghorofa ya pili. Tulikuta mlango umefungwa. Jirani yake, mama wa Kiislamu aliyekuwa akimpelekea uji kila asubuhi, alikuwa amekaa barazani. Akatuambia kwamba watoto wamekuja na boti, wamemwambia mama yao wanampeleka hospitali Dar es Salaam kwa siku tatu. Mama akachukua kanga mbili na kitabu chake cha sala. Siku tatu hizo zikawa miaka miwili, hata akafa. Watoto wale hawakuwa wabaya. Walimlisha, walimpa kitanda kizuri, na dawa hazikukosekana. Lakini tulipomwona huko, neno alilotuuliza lilikuwa hili: "Bakuli la jirani, hivi nililirudisha?" Mama hakulalamikia chakula wala chumba. Alisikitika kwamba hakupewa nafasi ya kuaga.

Wapo watakaosema: Afadhali huyo, alitunzwa na watoto wake, aibu ni kumpeleka mzee makaoni. Tulipime neno hili vizuri. Hapa Unguja majina mawili yanajulikana na kila mtu, Welezo na Sebleni. Makao ya Welezo yalianzishwa na Wamisionari Wakatoliki kwa ajili ya maskini na wagonjwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilichukua jukumu la kuwatunza wazee wasio na watu, na nyumba za wazee zikajengwa Sebleni. Kwa miaka mingi hapo wamepata hifadhi watu waliofanya kazi ngumu za nchi hii, wakafika uzeeni bila mtoto wala ndugu. Kutunzwa hivyo si aibu kwa mzee. Kama iko aibu, ni ya mwenye watoto watano wanaojiweza, na wote hawamtembelei.

Tena tukumbuke yaliyotendeka Msalabani, kama alivyoandika Yohana katika sura ya 19. Bwana wetu alimweka mama yake mikononi mwa mwanafunzi ambaye hakumzaa. Basi kutunzwa na asiye mtoto wako kumebarikiwa na Bwana mwenyewe. Lakini angalieni namna alivyofanya: aliwaambia wote wawili. Alisema na mama kwanza, kisha akasema na mwanafunzi. Hata katika maumivu yale hakupanga jambo la mama yake nyuma ya mgongo wake.

Watoto wetu walioko ng'ambo hutusimulia habari za vijiji vya wazee vya huko Marekani. Vingi vya zamani vilianzishwa na makanisa. Mzee huingia angali mzima, akapewa nyumba yake ndogo. Akianza kudhoofika, huhamia sehemu ya jirani penye watu wa kumsaidia kuoga na kuvaa. Akilala kitandani, ipo sehemu ya wauguzi. Yote hayo yamo katika uwanja mmoja, hata mume aliye mzima aweza kwenda kwa miguu kumwona mkewe aliye mgonjwa. Jambo hilo ni jema. Lakini ada ya kuingilia mara nyingi hufika mamia ya maelfu ya dola, na juu yake iko ada ya kila mwezi. Mikataba yake ni mirefu, na viko vijiji vilivyofilisika, wazee wakapoteza fedha zao. Hapa petu Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa kila mzee wa miaka 70, ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Twaishukuru, maana hainunui kijiji lakini yanunua sukari, na mzee huinunua kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo hatuwezi kuiga vijiji vile. Walakini lipo funzo la bure ndani yake: mzee huchagua mapema, akiwa mzima, na huijua njia yote kabla hajaanza safari. Hilo twaliweza hata sisi wa ngazi za Mkunazini na sisi wa mashamba.

Basi, ninyi wazee wenzetu, msingoje kuanguka bafuni ndipo mseme. Keteni na watoto wenu mkiwa na nguvu. Na iwapo yatajwa mahali popote, nyumba ya mtoto au makao, twaomba maswali haya yaulizwe:

1. Usiku wa manane nikiita, nani ataamka?
2. Nani atanisaidia kuoga, na je, ni mtu ninayeweza kumstahimili bila kuona haya?
3. Nikizidi kudhoofika, nitabaki hapo au nitahamishwa tena?
4. Fedha zinatoka wapi, na zikikatika itakuwaje?
5. Padre atafikaje kuniletea Komunyo, na rafiki zangu watafikaje?
6. Nikifa, nitazikwa wapi, na nani anajua?

Nanyi watoto, msimzungushe mzee mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, kama sufuria la kuazimana, mpaka asijue kanga zake ziko nyumba gani. Msimwambie siku tatu kama mnajua ni miaka. Akikataa, msikilizeni kwanza sababu yake. Pengine anachokishikilia ni jirani, au kengele ya kanisa, au kaburi la mumewe. Na kama kweli haiwezekani abaki, maana magonjwa mengine hayakubali, hata hivyo mwambieni kweli, mwacheni aage, na mpeni kuchagua lile linalobaki kuchaguliwa: kitanda chake, picha zake, siku ya kuondoka. Ikiwa mzee amepotewa na fahamu, kumbukeni aliyoyasema alipokuwa nazo. Ndiyo maana twasema aulizwe mapema.

Wala si lazima kila mzee achague kama Barzilai. Katika Mbweni yetu hii, shamba ambalo misheni ya UMCA ililinunua mwaka 1871 na kuwaweka watu waliokombolewa kutoka utumwani, aliishi mwalimu mmoja Mwingereza, Caroline Thackeray. Aliisimamia shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria tangu 1877 hadi 1902. Alipostaafu angeweza kurudi kwao kama wengine. Yeye alichagua kubaki, akazeeka kati ya watu aliowafundisha, akafa Mbweni mwaka 1926. Barzilai alichagua kwenda kwao. Yeye alichagua kubaki ugenini palipokuwa pamekwisha kuwa kwake. Chaguo ni mbalimbali, wala hatumhukumu hata mmoja. Wote wawili walichagua wenyewe.

Mwisho, kazi iko kwetu sote tunaokula Meza moja. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane walipokuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, Mitume hawakutosheka na kusema pole. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakawekewa mikono kwa kazi hiyo. Twapendekeza kwamba kila mtaa wa parokia uandike majina ya wazee wake, walio majumbani na walio makaoni, na jina la mtu atakayemtembelea kila mmoja wao. Anayekwenda asibebe sabuni na mchele tu. Aketi, na amwulize mzee: Wewe mwenyewe wapendaje? Kisha anyamaze asikilize, hata kama jibu linachelewa.

Tuombe. Ee Mungu, uliyewaita Ibrahimu na Sara wakiwa wazee, utupe ujasiri wa kusema tungali na kauli, na masikio ya kusikia tungali na nguvu. Uwakumbuke wote wanaolala leo katika vitanda wasivyovichagua. Uwape jirani mwema, na utufanye sisi kuwa jirani hao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.