Mvua ya Mjini si Mvua ya Kwenu

Bwana wetu Yesu Kristo aliwakemea makutano kwa kuwa waliweza kusoma wingu na upepo, wasiweze kuutambua wakati wao. Kusoma wingu kwenyewe hakukukataza. Lakini wengi wetu siku hizi hata wingu hatulisomi.

Katika maduka ya Kariakoo na ofisi za Posta wamo watu wa kila upande wa nchi. Mvua ya Oktoba ikipiga mabati ya mjini, kijana wa Kongwa hutuma nyumbani fedha za mbegu, na kuwahimiza wazazi wake wapande upesi. Hakumbuki ya kuwa mvua aliyoiona ni ya vuli, wala si ya kwao.

Maana mvua hulifuata jua, liendapo kusini na lirudipo kaskazini. Kwa hiyo Dar es Salaam, Tanga, Kilimanjaro na pande za Ziwa Viktoria hupitiwa mara mbili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Dodoma, Singida, Mbeya na Songea hupata mvua moja tu ya msimu, Novemba hadi Aprili. Tena Dar es Salaam hupata kwa mwaka yapata milimita 1,100. Dodoma hupata kama nusu yake. Mbegu iliyopandwa kwa kuamini mvua ya wengine hufa udongoni, na njaa humpata mama aliyelitii neno la mwanawe.

Basi ukweli tuutafute wapi? Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kabla ya vuli, kabla ya msimu na kabla ya masika, na kueleza kila kanda mvua itaanza lini, itakoma lini, na kama itakuwa juu au chini ya wastani. Hutoa pia taarifa ya kilimo ya kila siku kumi. Redio huzitangaza habari hizi, na bwana shamba wa kijijini anaweza kuzifafanua. Utabiri si ahadi. Lakini wapita uvumi wa sokoni.

Jambo hili ni la uhai pia. Mnamo tarehe 20 na 21 Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu wapatao 40, na bonde la Msimbazi, hapo Jangwani karibu na Kariakoo, likafunikwa na maji. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, onyo lilitangazwa mapema, na boti za abiria za kwenda Unguja zikasimamishwa. Onyo lililosikiwa huokoa watu. Lisiposikiwa ni sauti tupu.

Kumwomba Mungu mvua ni wajibu wetu. Lakini yeye aliyetupa mvua ndiye aliyetupa na akili ya kuzijua nyakati zake. Kuomba huku tukiipuuza akili hiyo ni kumjaribu. Na mwenye kueneza habari za mvua asizozihakikisha amdhulumu jirani yake, hata kama nia yake ni njema. Kwa hiyo, ndugu, kabla hujatuma nyumbani fedha za mbegu, uliza kwanza utabiri wa kwenu wasemaje.